Kibuyu cha Baba Mdogo

Mwezi uliopita halmashauri ya parokia yetu ilikutana kupanga sikukuu ya somo wa parokia, nami karani nikawa naandika maneno ya mkutano. Vijana waliomba spika za kukodi. Mzee mmoja akauliza, "Na mganda je?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaandika: mganda hautakuwapo.

Jioni nilimpitia baba mdogo, aliyekuwa kapteni wa mganda siku za ujana wake. Nikamsimulia habari ile kama kichekesho. Hakunijibu. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cheusi kwa moshi. Akaimba ndani yake. Kikatoka kivumo kama cha mtu mwenye mafua.

"Utando umekufa," akasema. "Ni utando wa buibui, mwanangu. Huutafuta ukutani, ukaubandika penye tundu hili, ndipo kibuyu kinalia. Mimi macho yangu hayauoni tena. Nani atautafuta?"

Basi nikaona haya. Chuoni kwetu cha ualimu nilifundishwa kusoma noti za nyimbo, lakini habari ya kibuyu hiki sikuijua. Nikaanza kuulizauliza na kusoma.

Kumbe mganda ni mtoto wa beni. Beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za Wazungu. Wakagawanyika Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi na karamu. Halafu vita vya 1914 hadi 1918 vikawachukua askari na wapagazi kila upande, nao waliosalimika wakarudi kwao na gwaride miguuni. Vita hivyo vilibisha hodi kwetu mapema: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa pale Liuli, palipoitwa siku hizo Sphinxhafen.

Tarumbeta za shaba watu wa ziwani wangezipata wapi? Vibuyu vilikuwako shambani. Wakaimba ndani ya vibuyu, wakawamba ngoma kubwa, wakajipanga mistari kwa kaptula nyeupe na filimbi ya kapteni. Ng'ambo, upande wa Malawi, huuita malipenga. Akina mama nao wana kioda chao.

Wako wasemao kwamba huku ni kuwaiga wakoloni tu. Mimi sikubali. Askari huamriwa na asiyemchagua. Baba mdogo, mvuvi asiye na kiatu, alipewa ukapteni na wenzake. Hata Wajapani walipita njia hiyo. Mwaka 1869 vijana wa Satsuma walifundishwa bendi ya kijeshi mjini Yokohama na John William Fenton. Baadaye muziki ule ukatoka kambini, ukaingia mitaani kutangaza biashara. Ndipo wakaja chindon-ya, wanaochanganya ngoma za kwao na ala za kigeni, nao wapo hata leo. Sijasikia Mjapani akiwacheka.

Na sisi Wakatoliki tusisingizie dini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake.

Juzi niliomba halmashauri isahihishe nilichoandika. Ikakubali, ingawa spika zitakuja pia, kwa kuwa fedha ya kwanza imekwisha kulipwa. Jumamosi niliwachukua wavulana wanne tukapekua kuta za ghala la mahindi hadi tukapata utando mzima. Tuliubandika mara tatu ukapasuka, mara ya nne ukashika. Baba mdogo akaimba, kibuyu kikalia hata mbwa wa jirani akainuka. Akakitazama.

"Bado hakijakauka vizuri," akasema. "Kesho rudini, tena mje wengi. Mstari mmoja ni watu wangapi, mnajua?"

Hatukujua.