Kutu ya Zekreet

Tulitoka Doha baada ya Alasiri kwa barabara ya Dukhan, mama yetu akiwa kiti cha mbele na birika la chai miguuni. Lami ilipokwisha tukaingia jangwani, na muda si muda yakatokea: mabamba manne ya chuma, yamesimama wima kwa mstari mmoja unaozidi kilomita. Mawili yana mita 14.7, mawili mita 16.7, kwani ardhi haiko sawa na msanii wake, Richard Serra wa Marekani, alitaka vichwa vilingane. Yalisimikwa mwaka 2014. Yote yameshika kutu, na kutu hiyo imekusudiwa.

Mpwa wetu, afanyaye kazi huko, hakutupeleka bure. Pikapu ya marehemu babu yake iko Mombasa, naye ataka kuivisha rangi hiyo hiyo, kama wafanyavyo baadhi ya wapenda magari wa Marekani. Alitueleza kwa bashasha: rangi hukwanguliwa hadi chuma kitupu, mafuta yakasafishwa, kikapuliziwa siki, kisha haidrojeni peroksaidi iliyotiwa chumvi, hapo kutu huchipuka mbele ya macho. Hatimaye huoshwa, hukaushwa, ikapakwa vanishi isiyo na rangi. Glavu hazikosi, na kazi hufanywa nje penye upepo.

Mama alisikiliza, kiganja chake juu ya bamba lililokuwa bado na joto la mchana.

“Babu yako,” akasema, “kila akirudi ufuoni aliiosha kwa maji ya mfereji, hata chini ya uvungu. Chumvi aliiogopa kuliko wezi.”

Kijana akanyamaza. Tukamuuliza kuhusu chuma chenyewe, naye, kwa haki yake, hakuficha. Chuma cha mabamba haya kimechanganywa na shaba kidogo na madini mengine, hata kutu yake hushikamana ikawa ngozi ya kukikinga. Bati la gari halifiki unene wa milimita mbili, na kutu yake humenyeka, ikazidi kula. Vanishi ikikwaruzwa tu, hewa ya bahari yetu hupata mlango.

“Basi boneti,” mama akakata shauri. “Boneti hununuliwa nyingine. Milango iache, ndiyo aliyoishika.”

“Nimesikia, Bibi.”

Jua lilikuwa linatua na mabamba yamegeuka rangi ya mdalasini. Mama akaomba chai.