Bandari na Maji Yake: Kumbukumbu za Kilindini

Nilipoandikwa ukarani katika bandari ya Kilindini, Mombasa, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, hesabu tuliyofundishwa ilikuwa ya mambo mawili, nayo ni tani za shehena zilizoshuka gatini na saa ambazo meli imekaa hata kung'oa nanga. Maji yenyewe yaliyoichukua meli hayakuwa na safu katika daftari zetu. Tuliyahesabu kuwa atia ya Mwenyezi Mungu isiyopungua, na chochote kilichotupwa ndani yake tukaamini kwamba maji yakipwa yatakichukua hata bahari kuu.

Kwa itikadi hiyo ilikuwa ada ya meli nyingi kumwaga usiku maji ya ngama, yale yenye mafuta yajikusanyayo chini ya mitambo, na kulipopambazuka wavuvi wa Likoni na Mtongwe hukuta nyavu zao zimepakwa weusi, wala wasimjue wa kumshtaki.

Lililotuzindua ni msiba wa mwaka 1988, tangi la mafuta lilipotoboka upande wa Kipevu na mafuta yakateremka katika hori la Makupa. Nilikwenda kutazama, na hata leo huzuni yake haijanitoka. Mkoko huvuta pumzi kwa mizizi iliyojitokeza juu ya tope, na mafuta yakiisha kuganda juu ya mizizi hiyo, mti hufa kwa kukosa hewa hata kama maji yamekwisha kutakata. Na unapokufa mkoko, kaa hupotelewa na maskani, na watoto wa samaki na kamba hawana tena pa kujisitiri. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilitoboka ndani ya bandari, na mikoko ya Port Reitz ikafikwa na janga lile lile. Ila safari hii ilikuwapo sheria ya mazingira ya mwaka 1999, na mvuvi alikuwa na hoja ya kuishika mkononi.

Yafaa nieleze kwa nini Makupa iliteseka kupita mahali pengine. Wakoloni walijaza mawe na udongo kati ya kisiwa na bara ili njia ipite, na kwa tendo hilo maji ya Kilindini yakatengwa na maji ya Tudor, hori likawa kama birika lisilo na tundu: kilichoingia kilibaki. Juu ya hayo, kando yake palikuwa na jaa la Kibarani, ambalo kila mvua iliponyesha uchafu wake ulitiririkia baharini. Jaa limefungwa, na mwaka 2022 daraja la Makupa lilifunguliwa mahali pa tuta lile, maji ya pande mbili yakapata tena kukutana. Katika yote yaliyofanywa kwa ajili ya bahari ya Mombasa katika umri wangu, hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa bahari iliyopewa njia hujisafisha yenyewe mchana na usiku.

Sheria za kimataifa nazo zimetenda kazi yake. Mkataba wa MARPOL, wa kuzuia uchafuzi utokao melini, hauruhusu meli kumwaga maji ya ngama yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 katika milioni, na kila umwagaji sharti uandikwe daftarini. Tangu Septemba 2017 maji ya farumi, yale ya kuipa meli uzito isiyumbe, nayo yana mkataba wake unaotumika, kwani ndani yake husafiri viumbe wageni wawezao kuharibu pwani isiyo yao. Na Januari 2020 kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa toka asilimia 3.5 hadi 0.5.

Lililosalia ni moshi. Meli iliyofunga gatini huendelea kuunguza mafuta ili ipate umeme wake, na upepo wa kusi huuchukua moshi huo mpaka nyumbani kwa watu. Umeme mwingi wa Kenya hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya mito na upepo. Kwa hiyo natamani kuona kila gati la Kilindini likiwa na nyaya za kuipa meli umeme wa nchi kavu, mitambo yake izimwe muda wote wa kupakua, na wakazi wa Changamwe na Chaani, ambao kwa miaka mingi wamebeba mzigo wa bandari hii bila ya ujira, wapate hewa iliyo haki yao.