Mama wa Askari Autembelea Mji wa Kigali

Tembea uone, walisema wahenga. Lakini si kila atembeaye hutazama. Wengi wanaokwenda katika miji mikuu ya nchi jirani hurudi na habari za maduka, za hoteli na za barabara zilizofagiliwa vizuri. Kigali, mji mkuu wa Rwanda, una hayo yote, tena umepambwa na vilima ambavyo mgeni hachoki kuvitazama. Hata hivyo mji huo una mahali pengine ambapo mtu haendi kwa ajili ya starehe. Ni mahali palipohifadhiwa makusudi, ili watu wa leo na wa kesho wajue yaliyotendeka hapo.

Mama mmoja Mtanzania, mkazi wa Mwanza na mke wa askari mstaafu, alifunga safari ya siku nne kwenda kupaona. Sababu zake zilikuwa mbili. Mwaka 1994, alipokuwa binti wa shule, aliwasikia wazee wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya miili iliyochukuliwa na mto Kagera hadi katika Ziwa Viktoria. Sababu ya pili ilikuwa mpya zaidi: mwanawe wa kwanza alikuwa amekwisha kula kiapo cha jeshi. Mama huyo alitaka kujua ni jambo gani linaloweza kumfanya mtu aliyevishwa sare ili alinde raia awageukie raia hao hao.

Mpakani

Njia yake ilipita Nyakanazi na Benako hadi Rusumo, penye maporomoko ya mto Kagera. Hapo ndipo Tanzania inapoishia na Rwanda inapoanzia. Basi lililokuwa likienda upande wa kushoto wa barabara huhamia upande wa kulia, na saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Mama huyo, aliyekuwa ameonywa mapema, alikuwa amepanga vitu vyake katika kikapu cha ukili, wala hakupata usumbufu.

Abiria wengi pale huwaza juu ya pasi zao na fedha za kubadilisha. Yeye aliwaza juu ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati zaidi ya watu 200,000 walipovuka mpaka huo kwa muda wa saa 24 na kuingia wilaya ya Ngara, wakiwa na magodoro, masufuria na watoto mgongoni. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni mwendo wa kilomita 160 hivi, na barabara hupanda na kushuka kati ya migomba, mashamba ya maharage na nyumba zilizotapakaa vilimani.

Nyumba ya Mjerumani

Kigali si mji wa kale kama Kilwa au Mombasa. Ulianzishwa mwaka 1907 na Dakta Richard Kandt, mwakilishi mkuu wa serikali ya Kijerumani, katika siku zile ambapo Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa sehemu ya koloni moja. Nyumba yake ingaliko, na sasa ni makumbusho. Humo mgeni huonyeshwa picha za kituo kidogo cha serikali kilichozaa jiji la leo. Wabelgiji waliishika nchi mwaka 1916, na Kigali ulifanywa mji mkuu Rwanda ilipopata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962.

Mama huyo alipanga chumba Nyamirambo, mtaa ambao tangu enzi ya ukoloni umekuwa na watu wasemao Kiswahili. Lugha hiyo ililetwa na askari na wafanyabiashara kutoka pwani na bara ya Tanganyika. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Hivyo mgeni aliyedhani kwamba ataagiza chakula kwa ishara za mikono aliagiza chai na chapati kwa lugha ya kwao, na mchana akaletewa isombe, ambayo kwa mwenyeji wa Mwanza ni kisamvu tu kilichobadilishwa jina.

Lakini kutoka enzi ya ukoloni palibaki na jambo lingine lisilo na ladha hata kidogo. Katika miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji waliwapa wananchi vitambulisho vilivyoandikwa kama mwenye nacho ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu wenye lugha moja na desturi moja, wakaao juu ya kilima kimoja, walitengwa kwa karatasi. Serikali zilizofuata baada ya uhuru hazikuifuta alama hiyo. Miaka sitini baadaye karatasi hiyo ikawa ndiyo hukumu ya kufa au kupona.

Kambi ya Kigali

Asubuhi ya siku ya pili mama huyo alikwenda katika iliyokuwa Kambi ya Kigali. Pale pana nyumba ndogo ambayo kuta zake zina matundu ya risasi, na nje yake zimesimamishwa nguzo kumi za mawe. Kila nguzo ni ya askari mmoja wa Ubelgiji, na mikato iliyochongwa juu yake huhesabu umri wake.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Ndani yake alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Wote wawili walikuwa wakirejea kutoka katika mkutano wa Dar es Salaam. Asubuhi yake askari wa serikali walimwua Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini Rwanda. Wabelgiji kumi wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliokuwa wamepelekwa kumlinda walinyang'anywa silaha, wakachukuliwa hadi kambini humo, wakauawa.

Mama huyo alimwuliza mwongozaji wa wageni, kijana mwenye umri karibu na wa mwanawe, kwa nini askari waliwaua askari wenzao ambao hawakuwa tena na silaha.

"Walikuwa wameambiwa kwamba Wabelgiji ndio walioitungua ndege, Mama," kijana alijibu.

"Nani aliyewaambia, mwanangu?"

"Ulikuwa uvumi. Redio nayo ikautangaza."

Mke wa askari hahitaji kuelezwa sana ubaya wa uvumi kambini. Baada ya mauaji hayo Ubelgiji iliwaondoa askari wake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kikosi chote kipunguzwe hadi watu 270. Waliopanga mauaji hayo walikuwa wamelipata walilolitaka: wananchi walibaki karibu bila mlinzi.

Askari asiye na bunduki

Walinda amani hawakuondoka wote. Kutoka kambini mama huyo alikwenda kuiona Hôtel des Mille Collines, ambayo jina lake lina maana ya vilima elfu. Watu zaidi ya 1,200 walijificha katika hoteli hiyo, na maji ya mabomba yalipokatwa walikunywa maji ya bwawa la kuogelea. Leo watalii huogelea humo na watumishi hupita na sinia za vinywaji. Mgeni asiyeambiwa hatambui lolote.

Katika hoteli hiyo ndimo walimofichwa watoto wa Waziri Mkuu aliyeuawa, kabla ya kutoroshwa nchini. Aliyewaokoa alikuwa Kapteni Mbaye Diagne wa jeshi la Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa ambaye kwa kazi yake hakuchukua silaha. Siku baada ya siku Kapteni huyo aliendesha gari lake kupita katika vizuizi vya wauaji akiwa amebeba watu wachache wachache. Kwenye kizuizi alitoa sigara, alitania, alicheka na watu wenye mapanga mikononi, kisha akapita. Aliokoa mamia ya watu kwa njia hiyo. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilianguka karibu na gari lake penye kizuizi, naye akafa. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake kwa ajili ya watumishi wa Umoja wa Mataifa wanaoonyesha ushujaa wa pekee.

Mama huyo alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Katika mji uliojaa bunduki, mmoja wa watu waliofanya kazi ya askari kwa ukamilifu hakuwa na bunduki hata moja.

Ukuta wa Bunge na kilima cha Gisozi

Jengo la Bunge nalo lina makumbusho, yaliyofunguliwa Desemba 2017, yanayohusu vita vya kuyakomesha mauaji hayo. Kwa mujibu wa Mapatano ya Arusha ya tarehe 4 Agosti 1993, askari 600 wa chama cha Rwanda Patriotic Front waliwekwa hapo ili wawalinde viongozi wao ambao wangeingia katika serikali ya pamoja. Mauaji yalipoanza askari hao walizingirwa, wakapigana, na wakatoka kuwaokoa raia. Matundu ya mizinga yameachwa ukutani bila kuzibwa, na juu ya paa ipo sanamu ya askari wakiwa na bunduki ya rashasha. Kigali ulitekwa tarehe 4 Julai 1994, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ukombozi.

Siku ya tatu ilikuwa ya Gisozi. Kituo cha ukumbusho kilichoko kilimani hapo kilifunguliwa Aprili 2004, na katika makaburi yake ya pamoja wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Serikali ya Rwanda huhesabu kwamba waliouawa nchi nzima katika siku zipatazo 100 walikuwa zaidi ya 1,000,000, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Ndani kimo chumba cha watoto. Chini ya picha ya mtoto huandikwa jina lake, umri wake, chakula alichokipenda, na namna alivyouawa. Mama aliyelea watoto akisoma maneno hayo hana haja ya kuongezewa hesabu nyingine. Mama huyo aliketi kwenye benchi bustanini hadi alipoweza kuendelea na safari yake.

Kaburi la Nyamata

Siku ya mwisho alipanda gari hadi Nyamata, kilomita 30 hivi kusini mwa Kigali. Njiani huvukwa mto Nyabarongo, ambao maji yake huingia katika Kagera. Hapo mama huyo alipata jibu la lile alilolisikia utotoni: mto ule ulitokea wapi, na ulibeba nini.

Kanisa la Nyamata halitumiwi tena kwa ibada. Katika Aprili 1994 maelfu ya watu walikimbilia humo wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kuua kanisani. Mlango ulivunjwa kwa mabomu ya mkono. Bati la paa lina matundu madogo madogo yapenyezayo mwanga, na nguo za waliouawa zimehifadhiwa ziwe ushahidi. Septemba 2023 shirika la UNESCO liliiweka Nyamata, pamoja na Gisozi, Murambi na Bisesero, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nje ya kanisa lipo kaburi la mwanamke mgeni. Ni Tonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi Rwanda miaka mingi. Machi 1992, Watutsi wa Bugesera walipoanza kuuawa, mama huyo alizipigia simu redio za nchi za nje, akaeleza aliyoyaona kwa macho yake. Muda mfupi baadaye aliuawa kwa risasi. Ilikuwa miaka miwili kabla ya mauaji makubwa. Onyo lilikuwa limetolewa, na aliyelitoa alilipa kwa roho yake.

Kwa akina mama na askari wanaokusudia kufanya safari kama hiyo, yafaa kujua mambo machache. Vazi liwe la heshima, kitenge au gauni refu. Picha zisipigwe ndani bila ruhusa. Abiria wa pikipiki huvaa kofia ngumu kama dereva wake. Wakati wa kuanzia tarehe 7 Aprili ni wa maombolezo ya taifa, na mgeni atayakuta mengi ya burudani yamefungwa. Watoto wadogo wasipelekwe katika vyumba vya ndani. Wala isisahauliwe kwamba mwenyeji anayemwongoza mgeni huenda naye amezika wake hapo hapo.

Yapo pia mafunzo ya kuchukua nyumbani. Askari hawezi kujificha nyuma ya amri. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Kanali Théoneste Bagosora mwaka 2008 kifungo cha maisha. Alipokata rufani adhabu ikapunguzwa mwaka 2011 kuwa miaka 35, lakini hatia ya mauaji ya kimbari ilibaki. Cheo hakikumwokoa. Kwa upande mwingine, Kapteni wa Senegal aliyekuwa na gari na pakiti ya sigara tu ameacha jina ambalo majeshi ya dunia hulitaja kwa heshima.

Mama huyo wa Mwanza hakununua vitu vingi. Alichukua kikapu kidogo cha agaseke kwa ajili ya mumewe, na kwa mwanawe akaandika katika daftari majina mawili, la Mbaye Diagne na la Tonia Locatelli. Sare hushonwa na fundi, na bunduki hutolewa ghalani. Moyo wa kukataa kumwua asiye na hatia hufundishwa nyumbani, kabla kijana hajaondoka kwenda kula kiapo, na wazazi ndio wenye kazi hiyo.