Hatua Tatu Kutoka 630

Hesabu ya tisa na hesabu ya kumi hukutana kila baada ya tisini. Kwenye 540, kwenye 630, kwenye 720, redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani na redio ya kwetu husimama mahali pamoja. Katikati ya namba hizo kila moja ina njia yake. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1975 ndio uliopanga vituo vya mawimbi ya kati vya Afrika, Ulaya na Asia vipishane kwa kilohezi 9, na mpango huo ukaanza kutumika Novemba 1978. Bara la Amerika likabaki na 10. Tofauti ni kilohezi moja tu, lakini huongezeka kila unapopiga hatua.

Hesabu hii niliijua Masuguru, mwaka 2001, kwa sababu ya Bibi.

Redio yake kubwa ilikuwa imekufa masika yale. Kilichobaki nyumbani ni skana ya mkononi ya mjomba wangu, baharia, aliyeinunua Houston ili asikilize meli zikizungumza bandarini. Ilikuwa fupi kuliko mche wa sabuni, na antena yake ya mpira. Ilishika meli, ndege, FM na mawimbi ya kati. Masuguru hakuna meli. Bibi alitaka kitu kimoja tu: Redio Tanzania Dar es Salaam, kilohezi 657, matangazo ya vifo.

Kaka yake alikuwa amelazwa Dar na hali haikuwa nzuri. Kijijini hapakuwa na simu. Barua ingechukua wiki, na sisi maiti hatuilazi wiki. Kama lingetokea la kutokea, habari ingetufikia kwa redio au isingetufikia.

Skana iliruka kumikumi. Ikitoka 650 inatua 660, na 657 inabaki katikati kama mtu aliyerukwa kwenye foleni. Njia ya kwanza ya kukabiliana na hilo ni kusimama jirani. Nikasimama 660, kilohezi tatu pembeni, na sauti ikaja, ila nyembamba, yenye s nyingi, kama ya mtu anayeongea ameziba pua. Usiku ulipoingia, kituo cha mbali kilichokuwa 666 kilianza kuegemea upande wetu. Hapo nikawa naigeuza skana taratibu kiganjani, maana kijiti cha antena kilichomo ndani hakisikii vizuri kinakoelekeza ncha zake. Ukikielekeza kwa msumbufu, msumbufu hufifia.

Kwa namna hiyo tulipata muziki, na mpira tuliufuata mpaka dakika ya mwisho. Sentensi ikikatika unaiunga mwenyewe, kwa sababu unajua inakoelekea. Jina haliungiki hivyo. Halina kinacholitangulia wala kinacholifuata cha kukusaidia.

“Kasema nani?”

“Sijashika, Bibi.”

“Wa Handeni au wa Pangani?”

“Sijashika.”

Alikuwa hanilaumu. Alikuwa anakunja tu upande wa khanga na kuukunjua.

Skana ilikuwa na orodha ya hatua, na 9 ilikuwamo. Lakini ilihesabu kuanzia pale iliposimama. Ukiichagulia 9 ikiwa 660, inakwenda 669 au inarudi 651. Imebadili mwendo, haijabadili njia. Nikachukua karatasi ya daftari, nikaandika safu mbili, za tisa upande huu na za kumi upande ule, nikatafuta zinakoonana. Karibu kuliko zote ilikuwa 630. Nikairudisha skana hadi 630 kwa hatua za kumi, nikabadili hatua kuwa 9, nikapanda: 639, 648, 657.

Mtangazaji akaingia sebuleni. Vitamkwa vyote vilikuwa mahali pake. Bibi alisogeza kigoda, akasikiliza misiba ya Lindi, ya Singida, ya watu asiowajua, na kila jina alilijibu kwa midomo bila sauti.

Ilikuwa jioni ya nne ndipo jina la kaka yake lilipotajwa zima, lake, la baba yao na la mtaa. Maziko kesho saa kumi alasiri, Temeke. Kisha wale ambao habari ziwafikie: la Bibi lilikuwa la pili, na Masuguru yake.

“Inna lillahi,” alisema. Baadaye kidogo akasema, “Zima, mjukuu wangu, usimalize betri.”

Kabla ya alfajiri tulikuwa juu ya lori la mahindi kwenda Segera, na kutoka Segera tukapata basi. Tulifika Temeke saa tisa kasoro. Jeneza lilikuwa bado uani. Bibi alivua ndala mlangoni, akapishwa, akaingia kumwona kaka yake.