Nani Hana Haraka Naye?

Nilimpata chini ya kibanda cha mama mboga sokoni Kalundu, mjini Kitui, mvua ya Novemba ikinyesha. Shingo ilikuwa na kidonda cha kamba. Mkono wowote ukiinuka, hata wa kusalimia, alijikojolea. Watoto wa ploti wakamwita Simba, wakicheka.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo mwaka mzima. Niliandikia watu makala za mtandaoni, nalipwa siku wakikumbuka, na kila niliyekutana naye aliuliza: unarudi lini? Kwa hivyo mimi na Simba tulielewana. Yeye alijificha chini ya kitanda, mimi juu yake.

Kisha mbwa mwingine kabisa akamuuma mtoto mtaa wa pili. Ukambani hilo si jambo dogo. Kichaa cha mbwa tunakijua, na dalili zikishamwanza mtu, ni nadra sana apone. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Simba alikuwa amechanjwa, cheti ninacho. Lakini watu wakiogopa hawasomi cheti. Mwenye ploti akanipa hadi mwisho wa mwezi.

Wa kwanza kumchukua alikuwa jamaa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka mlinzi. Siku ya nne akamrudisha: "Buda, huyu ni mbwa ama ni kuku?"

Wa pili walikuwa familia yenye watoto watatu. Walimpenda sana, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila mtu alitaka kumshika. Usiku wa pili alitoroka, nikamtafuta na tochi hadi alfajiri, nikampata kwenye mtaro.

Nikiwa nimekaa naye pale kwenye matope, nikaona kosa langu. Nilikuwa nauliza nani anapenda mbwa. Ningeuliza nani hana haraka naye.

Shangazi yangu akanitajia jirani yake huko Kibwezi, Makueni, susu mmoja anayeishi peke yake. Tulipanda matatu, Simba ndani ya katoni mapajani mwangu, nimemlipia kama abiria. Mutomo, Ikutha, tukavuka mto Athi. Alitetemeka njia nzima.

Susu hakuja kumtazama. Alikuwa kwenye kigoda anapepeta ndengu. Alirusha kipande cha ugali pembeni, akaendelea na kazi.

"Susu, hutamshika?"

"Kwani anaenda wapi?"

Nilikaa saa tatu. Simba hakutoka nyuma ya ghala. Niliondoka bila kumuaga, nikalia hadi Ikutha, makanga akijifanya haoni.

Kila Jumapili nilipiga simu. Wiki ya kwanza: anakula usiku tu. Wiki ya tatu: amelala karibu na jiko. Wiki ya sita: analala mlangoni, lakini nje, ndani hajataka.

"Na anabweka, Susu?"

"Bado. Akiwa na neno atasema."

Nikacheka. Kukawa kimya kidogo, nikasikia ungo ukipepeta. Nikajua swali linalofuata, nikajiandaa kudanganya.

"Na wewe," akasema, "umekula?"