Ls kwanza, rm baadaye

Leo tuongee kuhusu rm. Kwenye Linux amri hii haina pipa la taka: ukishafuta, umefuta.

Nina mteja anayenunua mahindi. Ana stoo mbili, Kitale na Bungoma, na kila siku programu ya mizani huandika faili mbili za logi kwenye seva moja, mfano kitale-2023-11-04.log na bungoma-2023-11-04.log. Mwezi uliopita diski ilijaa pomoni, mizani ikagoma kurekodi huku malori yakingoja nje. Meneja akanipigia simu: "Futa zote za 2023." Kwa amri ni hivi:

rm *-2023-*.log

Lakini Bungoma kuna wakulima wanaodai kwamba mwaka huo walipunjwa, gunia la kilo 90 likasomwa pungufu. Shauri lao halijaisha, na ushahidi wao umo kwenye logi hizo hizo. Nyota haijui shauri, inajua herufi tu. Bash huigeuza kuwa orodha ya majina kabla rm haijaanza kazi, na rm hufuta inachopewa.

Kwa hiyo nilianza na ls badala ya rm. Majina ya Bungoma yakajitokeza. Nikabana:

ls kitale-2023-*.log | wc -l

Jibu: 365, sawasawa na siku za mwaka ule. Hapo ndipo nikaandika rm kwa majina yale yale. Nafasi ilipopatikana nikabana za Bungoma kwa gzip na kuzinakili kwenye diski ya nje. Meneja alinung'unika, kisha akakubali. Malori yakapimwa jioni ile.

Tahadhari mbili. Kwanza, chunga nafasi: ukiandika "kitale-2023- *.log", nyota inabaki peke yake na logi zote za folda hiyo zinakwenda. Pili, faili zikiwa maelfu mengi Linux hukataa orodha ndefu, basi tumia find:

find . -name 'kitale-2023-*.log' -print

Ukiridhika, badilisha -print iwe -delete, ikae mwisho pale pale. Ukiitanguliza mbele ya -name, itafuta kila kitu.

Na kama logi inabeba jasho la mtu, uliza nani bado anaihitaji kabla ya kuandika nyota. Mwenye njia bora zaidi anifundishe.