Pikipiki Yajulikana Ilipo, Mwenyewe Je?

Miaka ya 80 mjomba wangu alikuwa na pikipiki ya Honda, akipeleka spea za mashini za mashua Malindi. Akishatoka Kibokoni, Mombasa, na kuvuka daraja la Nyali, basi, habari zake hatuna. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo alipanga foleni ya feri pamoja na malori, na feri ikiharibika hulala huko huko.

Kwa habari zake, Nyanya alimtegemea utingo wa basi pale Mwembe Tayari, au simu ya dukani kwa jirani. Ikilia, mtoto hutumwa mbio vichochoroni: "Bi, simu ya Malindi!" Mpaka ajitande buibui na kufika, laini imekatika. Mwenye duka humwambia tu, "Kasema kafika salama," naye hurudi kwake akapike. Ajabu ni kwamba setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi hiyo hiyo. Haikutusaidia sisi kitu.

Kuanzia 2000 Safaricom na Kencell zikaeneza simu za mkononi. Kupiga kulikuwa ghali, kwa hivyo kila msafiri aliagwa kwa maneno mamoja: "Ukifika niflashie." Simu ikilia mara moja na kunyamaza, nyumba nzima hulala.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa mji. Mpwa wangu alichukua yake kwa mkopo. Kabla hajakabidhiwa ufunguo, fundi alifungua kiti, akachomeka kidude cheusi kisichozidi kiberiti, akaunga nyaya kwenye betri na nyingine kwenye waya wa kuwashia, akafunika kwa tepu. Hiyo ndiyo traka. Hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, ikajua ilipo. Setilaiti haimwoni mtu. Kidude ndicho kinachoripoti, kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Pasipo na mtandao, hakisemi.

Usiku mmoja mpwa wangu alipeleka abiria Takaungu, simu ikaisha chaji. Mamake hakulala. Tulipiga simu ofisi ya waliomkopesha. Walikuwa na ramani na pikipiki wanaiona. Tukajibiwa hizo ni taarifa za kampuni. Alifika asubuhi, mzima. Lakini angechelewa kulipa siku hiyo, wangemzimia injini hapo hapo alipo.

Zamani hakuna aliyejua. Sasa kuna anayejua, ila si mamake. Traka imewekwa kulinda deni, si dereva, ilhali bei yake imo ndani ya mkopo anaoulipa yeye. Kijana unayekwenda kusaini mkataba wa pikipiki, usishike kalamu kabla hujauliza: mtu mmoja wa nyumbani kwangu ataweza kuiona hiyo ramani? Wakikataa, waambie wakuandikie sababu.